Vali ya chuma, heparini iliyogeuka na INR isiyoaminika: uchambuzi wa kisa cha argatrobani

Mgonjwa ni mama wa miaka 59, kilo 68, mwenye vali ya chuma kwenye mitrali, yaani mlango wa moyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, na miaka mingi ya kumeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Amelazwa ili aondolewe uvimbe kwenye utumbo mpana. Figo zake si nzuri, uchujaji wa kreatinini ni karibu mililita 35 kwa dakika. Vipimo vya ini ni vya kawaida, ingawa moyo umechoka kidogo na miguu huvimba kufikia jioni. Ni mgonjwa wa kufundishia. Nimemjenga kutokana na mambo yanayojirudia wodini, kwa hiyo asitafutwe kwenye faili la hospitali yoyote.

Nimemchagua kwa sababu kisa chake kinapita karibu kila kona ya dawa zinazoitwa vizuia thrombini vya moja kwa moja, argatrobani ikiwa mojawapo. Thrombini ni kimeng'enya kinachoigandisha damu. Dawa zenyewe si ngumu kuzitoa. Kinachowasumbua watu ni kwamba zinavipotosha vipimo vilevile tunavyovitegemea kuziongoza, na asiyelijua hilo atasimamisha dawa siku isiyofaa au ataipunguza wakati mgonjwa anaihitaji zaidi.

Siku tisa za kwanza

Warfarini ilisimamishwa siku 5 kabla ya upasuaji, kama kawaida. INR, kipimo cha muda wa kuganda damu kinachoongoza warfarini, iliposhuka, akaanzishiwa heparini ya kawaida kwa dripu, kwa kuwa vali ya chuma ya mitrali haiachwi bila kinga na figo zake hazikuwapa watu moyo wa kutumia heparini nyepesi, ile yenye molekuli ndogo inayotolewa na figo. Siku hiyo tuiite siku ya 1. Upasuaji ulifanyika siku ya 3 na ukaenda vizuri. Heparini ikarudishwa siku ya 4, na jioni ya siku ya 5 akaanza tena warfarini, miligramu 5 kila usiku.

Chembe sahani, vijichembe vya damu vinavyoanzisha kuziba jeraha, zilikuwa 248,000 kwa mikrolita kabla ya yote. Siku ya 4 zilikuwa 171,000, na hapo hakuna wa kulaumiwa: upasuaji na maji ya dripu hushusha chembe sahani kwa mtu yeyote. Siku ya 6 zilipanda hadi 204,000. Siku ya 8 zikawa 118,000. Siku ya 9 zikawa 71,000, na asubuhi hiyohiyo kigimbi cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevimba, cha moto na chenye maumivu. Ultrasaundi ilionyesha bonge la damu kuanzia nyuma ya goti hadi kwenye mshipa wa paja.

Mwendo huo wa kushuka, kupanda, kisha kushuka tena ndio wa kuusoma kwa makini. Mshuko wa kwanza ni wa upasuaji. Wa pili unahitaji mwenyewe, na ukimkuta mtu aliye siku ya 5 hadi ya 10 ya heparini, mshukiwa wa kwanza ni heparini. Mgonjwa anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande, chembe zake zikapungua, halafu akagandisha damu badala ya kutokwa damu, huyo karibu amejieleza mwenyewe.

Kinachotokea ni hiki. Chembe sahani hutoa protini iitwayo PF4. Heparini hushikamana nayo, na kwa baadhi ya watu mwili huliona umbo hilo jipya kama adui na kulitengenezea kingamwili. Kingamwili hizo hukamata muungano wa PF4 na heparini, kisha mkia wake hushika kipokezi kilicho juu ya chembe sahani na kuiamsha. Chembe zikiamka kwa wingi, thrombini hufurika. Ndiyo maana ugonjwa huu, ambao wodini watu wanauita HIT, ni ugonjwa wa kugandisha damu hata kama jina lake refu, upungufu wa chembe sahani unaoletwa na heparini, linataja upungufu wa chembe. Chembe hupungua kwa sababu zinatumika na kuondolewa.

Alama za 4T, za kukadiria uwezekano wa HIT, zilihesabiwa hapohapo kitandani. Mshuko wa zaidi ya asilimia 50 na kiwango cha chini kisichopungua 20,000: alama 2. Muda: 2. Bonge jipya: 2. Sababu nyingine: alama 1, maana alikuwa ametoka kwenye upasuaji na alikuwa kwenye antibiotiki, japo hakuwa na dalili za maambukizi kwenye damu. Jumla 7 kati ya 8. Niseme tu kwamba alama hizi zina nguvu zaidi zikiwa chache: mwenye 0 hadi 3 karibu hakika hana HIT. Zikiwa nyingi zinasema "tenda sasa", hazisemi "imethibitishwa". Damu ya kupima kingamwili ilipelekwa maabara, lakini hakuna aliyesubiri jibu.

Kwa nini kusimamisha heparini hakutoshi

Daktari wa zamu alikuwa na wazo ambalo kwa haraka linaonekana la busara: mgonjwa ana INR ya 1.8, warfarini inapanda, basi heparini isimamishwe na warfarini iachwe imalizie kazi. Hilo ni moja ya makosa hatari zaidi katika ugonjwa huu. Warfarini hushusha protini C, ambayo ni breki ya asili ya mgando na huisha katika damu ndani ya saa chache, kabla haijashusha vya kutosha protrombini, malighafi ya thrombini, ambayo nusu yake huchukua siku mbili na nusu hivi kuondoka. Kwa mtu wa kawaida pengo hilo hupita bila kishindo. Kwa mtu ambaye thrombini yake inafurika, pengo hilo linaweza kuua mguu wenye bonge, kuanzia vidoleni, hata mapigo ya ateri yakiwa yanasikika. INR katika visa hivyo mara nyingi huwa juu, na mtazamaji hudhani amekinga mgonjwa kupita kiasi.

Kwa hiyo warfarini ilisimamishwa, na mgonjwa akapewa vitamini K, miligramu 5 kwa mshipa, taratibu. Hapo palizuka mabishano. Mtu mwenye vali ya chuma kumpa vitamini K kunatisha, kwani kila mmoja amefundishwa kwamba utahangaika baadaye kuirudisha INR. Ni kweli utahangaika. Lakini vali itakuwa chini ya kinga ya dawa nyingine muda wote huo, na protini C inahitaji vitamini K ili irudi. Sababu ya pili ni ya kipimo, na nitaifikia.

Heparini nyepesi haikuwa chaguo, kwa kuwa kingamwili zilezile huitambua. Chembe sahani za kuongezewa hazikutolewa, maana hakuwa akitokwa damu, na kuongeza chembe hapo ni kuupa moto kuni.

Dawa ipi?

Heparini haizuii thrombini yenyewe. Huenda kwa antithrombini, protini ya damu inayozuia mgando, ikamfanya awe mwepesi, naye ndiye anayeizima thrombini. Njia hiyo ina udhaifu wake: thrombini iliyokwisha kung'ang'ania fibrini, nyuzi zinazoshikilia bonge, ndani ya bonge haifikiki vizuri. Vizuia thrombini vya moja kwa moja havihitaji msaidizi. Vinaingia kwenye sehemu ya kazi ya kimeng'enya chenyewe, kikiwa huru au kimejificha ndani ya bonge. Na kwa kuwa umbo lake halifanani na heparini, havina cha kuwafanya kingamwili za HIT wageuke.

Wa kwanza katika ukoo huu alitoka kwa ruba. John Berry Haycraft aliripoti mwaka 1884 kwamba ruba wa tiba ana kitu kinachozuia damu isigande, na katika miaka ya 1950 Fritz Markwardt akakitenga kitu hicho, hirudini. Lepirudini, hirudini iliyotengenezwa maabara, iliwahi kuwa dawa kuu ya HIT. Ilikuwa na matatizo mawili: iliondolewa na figo karibu yote, na ikirudiwa kwa mtu aliyeitumia zamani iliweza kuleta mzio mkali wa ghafla. Mtengenezaji aliacha kuitoa mwaka 2012. Hata ingekuwepo, mama huyu na figo zake asingekuwa mtu wake.

Zilizobaki za kuzungumzia zilikuwa mbili. Argatrobani ni molekuli ndogo iliyotokana na arjinini, huondolewa na ini, na nusu yake hutoka mwilini kwa dakika 45 hivi. Bivalirudini ni mnyororo wa amino asidi 20 unaoshika thrombini sehemu mbili kwa wakati mmoja. Cha kushangaza ni kwamba thrombini yenyewe huikata taratibu na kujikomboa, kwa hiyo nusu yake huisha kwa dakika 25 tu kwa mwenye figo nzima, na figo zina sehemu ndogo katika kazi hiyo, karibu asilimia 20. Kwa mgonjwa mwenye ini bovu ningeikimbilia bivalirudini bila kufikiri mara mbili. Kwa huyu zote zingefaa. Argatrobani ilichaguliwa kwa sababu figo haziihusu, ndiyo yenye kibali rasmi cha kutibu HIT, na wauguzi wa wodi ile walikwisha kuizoea. Sababu hiyo ya tatu haiandikwi kwenye miongozo, lakini mimi naiheshimu: dripu ya dawa kali huendeshwa na anayekesha nayo.

Fondaparinuksi hutajwa sana katika HIT na ina nafasi yake. Hapa ingekuwa mzigo: figo ndizo zinazoiondoa, nusu yake hukaa saa 17 au zaidi, na mgonjwa ana mshono mbichi tumboni. Mtu anayeweza kutokwa damu wakati wowote anahitaji dawa ambayo ukiifunga saa mbili unaiona ikiondoka.

Kipimo cha kwanza kinachodanganya

Dozi ya kwenye karatasi ya dawa ni mikrogramu 2 kwa kilo kwa dakika, na 0.5 kwa mwenye ini lisilofanya kazi vizuri. Mama huyu hakuwa na ugonjwa wa ini, ila moyo uliochoka huzuia damu isipite ini kwa kasi yake, na wagonjwa wa namna hiyo hufika mbali na dozi ndogo. Alianzishiwa 1. Kwa kilo 68 hiyo ni miligramu 4.1 kwa saa; dawa ikichanganywa miligramu 1 kwa mililita, mashine inasomeka mililita 4.1 kwa saa. Namba hizi ziandikwe kwenye karatasi ya kitanda kwa tarakimu, zisibaki kichwani mwa daktari.

Lengo ni aPTT, kipimo kingine cha muda wa kuganda damu, kufika mara 1.5 hadi 3 ya kiwango cha mwanzo, bila kuvuka sekunde 100. Swali ni mwanzo upi. aPTT iliyochukuliwa baada ya heparini kutoka ilikuwa sekunde 38, lakini hapo warfarini ilikuwa tayari imeirefusha. Ile ya kabla ya upasuaji, alipokuwa hana dawa yoyote, ilikuwa 30. Ikatumika ya 30, hivyo lengo likawa sekunde 45 hadi 90.

Saa mbili baadaye aPTT ilikuwa 92. Dozi ikapunguzwa hadi 0.8. Asubuhi yake, vitamini K ikiwa imeanza kazi, aPTT ikashuka hadi 52, na jioni ikawa 46 bila mtu kugusa mashine. Hapa ndipo penye ile sababu ya pili. Ile 92 haikuwa ya argatrobani peke yake. Ilikuwa jumla ya dawa mbili. Kama warfarini ingeachwa mwilini bila vitamini K, timu ingeendelea kupunguza argatrobani kwa siku kadhaa ikifuata namba inayopendeza, na thrombini ingekuwa inafanya kazi yake chini ya kivuli cha aPTT nzuri. Dozi ikarudishwa kwenye 1, aPTT ikatulia kati ya 58 na 70.

Kuna kipimo kingine kilichotaka kuleta fujo siku hizo. Fibrinojeni ilirudi chini kuliko kawaida, na mtu akapendekeza mgonjwa aongezewe mazao ya damu. Maabara hupima fibrinojeni kwa kumimina thrombini kwenye plazma na kuhesabu muda wa kuganda. Plazma yenye argatrobani itachelewa kuganda hata fibrinojeni ikiwa tele. Maabara ikirudia kwa njia yenye thrombini nyingi zaidi, namba hupanda. Mgonjwa alikuwa hatoki damu popote, hakuongezewa kitu.

Chembe ambazo hazikupanda

Siku ya 10 chembe sahani zilikuwa 66,000. Siku ya 11, 61,000. Siku ya 12, 58,000. Jibu la kingamwili lilikuwa limerudi chanya kwa nguvu, na kipimo cha pili kinachoangalia kama kingamwili hizo kweli zinaamsha chembe kikathibitisha. Heparini ilikuwa imesimamishwa siku tatu. Watu wakaanza kuitazama antibiotiki.

Muuguzi wa zamu ya usiku ndiye aliyelitatua. Alikuwa anafunga tundu la mpira wa mshipa mkuu wa shingoni ambalo halikuwa likitumika, akasoma lebo ya bomba dogo lililokuja limejazwa tayari kiwandani, akampigia daktari: "Daktari, hii ya kufungia mpira nayo si heparini?" Ilikuwa heparini. Kila baada ya saa nane, kwa siku tatu, mgonjwa aliyeandikiwa "hakuna heparini" alikuwa anapata kidogo ya kusafishia mpira, kwa sababu maji yale hayaandikwi kwenye karatasi ya dawa. Yanakaa kwenye droo pamoja na pamba na plasta.

Kiasi hicho ni kidogo mno kuzuia damu isigande, lakini kingamwili hazihitaji kingi. Droo ikasafishwa, maji ya chumvi ya kawaida yakachukua nafasi, kibao kikabandikwa kitandani, na mpira wenyewe ukabadilishwa baada ya kuhakikisha kwamba ule mpya haujapakwa heparini kwa ndani, maana mingine hupakwa. Siku ya 14 chembe zilikuwa 83,000, siku ya 16, 127,000, siku ya 18, 164,000.

Katikati ya hapo, siku ya 15, kitobo cha mpira wa kutolea maji tumboni kilianza kuvuja damu. Argatrobani haina dawa ya kuipinga. Ilifungwa, kitobo kikakandamizwa, na baada ya saa tatu damu ikakoma. Dripu ikafunguliwa tena kwa dozi ya 0.8, na kesho yake ikarudi 1. Hapo ndipo dakika 45 zinapokuwa na thamani kuliko kipinga-dawa chochote. Ila zingatia kwamba mtu mwenye ini bovu angesubiri muda mrefu zaidi.

Kwa nini si dabigatrani

Msomaji atauliza, na wanafunzi huuliza kila mara: si kuna kizuia thrombini cha kumeza? Kwa nini mgonjwa asihamishiwe dabigatrani akaepushwa na warfarini kabisa?

Kwa mgonjwa wa HIT asiye na vali ya chuma, swali hilo ni zuri, na siku hizi wengi wa namna hiyo huhamia kwenye vidonge vipya, hasa rivaroksabani na apiksabani, mara chembe zao zinaporudi. Dabigatrani ina sifa zake. Utafiti wa RE-LY wa mwaka 2009, uliohusisha wagonjwa 18,113 wenye mpapatiko wa atria, ulionyesha kwamba miligramu 150 mara mbili kwa siku zilizuia kiharusi zaidi kuliko warfarini, na miligramu 110 zililingana nayo kwa kutokwa damu kidogo zaidi. Tangu mwaka 2015 ina kipinga-dawa chake, idarusizumabu, gramu 5 kwa mshipa, jambo ambalo ndugu zake wa dripu hawana. Masharti yake ni ya kukumbukwa: karibu asilimia 80 ya dawa iliyofika kwenye damu hutolewa na figo, na kapsuli haifunguliwi kamwe, kwa kuwa chembechembe zilizomo zikimezwa bila ganda dawa huingia mwilini kwa wingi kuliko ilivyokusudiwa.

Lakini vali ya chuma inafunga mlango. Utafiti wa RE-ALIGN, uliochapishwa 2013, ulijaribu jambo hilo kwa wagonjwa 252 wenye vali za chuma na ukasimamishwa kabla ya wakati. Kiharusi kiliwapata 9 waliotumia dabigatrani na hakikumpata hata mmoja wa warfarini, na kutokwa damu kukubwa kulikuwa 7 dhidi ya 2. Kuganda zaidi na kutokwa damu zaidi kwa wakati mmoja: ni nadra dawa ikashindwa pande zote mbili hivyo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba uso wa chuma na kitambaa cha kushonea huamsha mgando kutokea juu kabisa ya mnyororo na kuzalisha thrombini kwa wingi mahali pamoja, kiasi kwamba dawa inayoziba thrombini moja kwa moja huzidiwa idadi. Warfarini huupunguza mnyororo huo katika ngazi kadhaa kabla thrombini haijazaliwa.

Swali la haki linalofuata ni hili: kama ni hivyo, argatrobani nayo si inaziba thrombini tu, na mama huyu ana vali ileile? Ndiyo. Tofauti ni kwamba inapimwa na kurekebishwa kila siku, ni ya siku chache, na haikuwa na mshindani salama. Hata hivyo timu haikujidanganya. Mgonjwa alipigwa picha ya moyo kupitia umio siku ya 10, na tena kabla ya kuruhusiwa. Milango ya vali ilifunguka na kufunga vizuri, bila bonge.

Kama picha ingeonyesha bonge na upasuaji wa moyo ukahitajika, dawa ya mashine ya moyo na mapafu ingekuwa bivalirudini, nayo ingekuja na tabia yake ya ajabu. Kwa kuwa thrombini huikata, damu iliyotuama pembeni mwa mashine hupoteza dawa yake na kuganda, hata damu inayozunguka ikiwa salama. Wanaoendesha mashine hizo hulazimika kuhakikisha hakuna kona ambako damu imelala. Nje ya HIT, kazi kubwa ya bivalirudini iko kwenye chumba cha kuzibua mishipa ya moyo: miligramu 0.75 kwa kilo kwa mara moja, kisha 1.75 kwa kilo kwa saa. Huko mjadala umekwenda mbele na nyuma. Utafiti wa HORIZONS-AMI wa 2008 ulionyesha kutokwa damu kidogo kuliko heparini ikiambatana na dawa kali za kuzuia chembe sahani. HEAT-PPCI ya 2014, heparini ikitumika bila kuambatanishwa nazo kwa kila mgonjwa, haikuiunga mkono, na stenti (vibomba vya kushikilia mshipa wazi) zilizoziba mapema zilikuwa nyingi upande wa bivalirudini. BRIGHT-4 ya 2022, yenye wagonjwa 6,016, iliendeleza dripu ya dozi kamili kwa saa 2 hadi 4 baada ya kuzibua na matokeo yakaipendelea tena. Kwangu fundisho liko kwenye hizo saa: dawa inayotoka upesi hivyo ukiizima mara tu waya unapotolewa, stenti inabaki peke yake kabla vidonge havijashika.

Kurudi kwenye warfarini

Warfarini haianzishwi upya mpaka chembe zifike 150,000, na haianzi na dozi kubwa. Siku ya 18 mama akapewa miligramu 4. Asubuhi ile, kabla hajameza kidonge, INR yake ilikuwa 2.1.

Hiyo ni INR ya argatrobani tupu. Kipimo cha INR humalizikia kwenye thrombini kugeuza fibrinojeni, kwa hiyo chochote kinachozuia thrombini kitakirefusha, na miongoni mwa dawa za kundi hili argatrobani ndiyo inayokirefusha zaidi. Anayekuja zamu na kuona 2.1 kwenye faili la mtu mwenye vali atafikiri safari imekaribia mwisho, kumbe haijaanza.

Siku ya 21, baada ya vidonge vitatu, INR ilikuwa 4.1, na daktari mdogo alitaka kuifunga dripu. Alikuwa na hoja: kwa dozi isiyozidi mikrogramu 2, kanuni inasema INR ya pamoja ikivuka 4 unaweza kusimamisha argatrobani na kupima tena. Kilichomponyoka ni sharti lake la pili, kwamba dawa hizi mbili zitembee pamoja siku 5 kwa uchache. INR hupanda mapema kwa sababu faktari ya VII, mojawapo ya protini za mgando, huisha ndani ya saa chache. Protrombini, ambayo ndiyo yenye kinga ya kweli dhidi ya bonge, ilikuwa bado nyingi. Dripu ikaachwa.

Siku ya 23 INR ya pamoja ilikuwa 4.6. Argatrobani ikafungwa saa mbili asubuhi, damu ikachukuliwa saa saba mchana: INR 2.2. Kwa mtu mwenye bonge la mguu tu ingetosha. Kwa vali ya mitrali, yenye lengo la 2.5 hadi 3.5, haikutosha. Dripu ikafunguliwa tena, warfarini ikapandishwa hadi miligramu 5, na ule uzito wa vitamini K uliotabiriwa ukaonekana hapo. Siku ya 25 INR ya pamoja ilikuwa 5.3. Ikafungwa tena, na saa tano baadaye INR ilikuwa 2.9, kesho yake bila dripu ikawa 2.8.

Maabara zenye uwezo wa kupima faktari ya X kwa rangi hukwepa mchezo huu wote wa kufunga na kufungua. Kipimo hicho hakiguswi na kizuia thrombini, na faktari ya X ikishuka chini ya asilimia 40 hadi 45 warfarini imefika kazini, sawa na INR ya 2 kwenda juu. Pale kisipokuwepo, kufunga kwa saa 4 hadi 6 ndiyo njia, mradi zamu inayofunga iandike saa na jina la atakayechukua damu. Nimeona karatasi nyingi ambazo dripu imefungwa vizuri na damu ikasahaulika hadi jioni.

Mama aliruhusiwa siku ya 27 akiwa na INR ya 3.0 na chembe 236,000. Barua yake kwa kliniki ilibeba mambo matatu ambayo mara nyingi hukosekana. Kwanza, heparini ya kila aina, ikiwemo ya kusafishia mpira na iliyopakwa kwenye vifaa, imeandikwa kwenye sehemu ya mzio, pamoja na tarehe na matokeo ya vipimo vyote viwili. Pili, katika siku 100 za mwanzo heparini ikimgusa tena, chembe zinaweza kuporomoka ndani ya saa 24, bila kungoja siku 5. Tatu, kingamwili hizi kwa kawaida hufifia baada ya muda huo. Akija kuhitaji upasuaji wa vali miaka ijayo, wapime kwanza; zikiwa hazipo, heparini ya saa chache ndani ya chumba cha upasuaji inaweza kutumika, na kabla na baada yake arudi kwenye argatrobani au bivalirudini.